Mlima Hauonyeshwi Kidole

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, pale kijijini Busi hakuna mtu niliyemwona wa maana kumshinda Mjomba Issa. Wenzake walikwenda mjini kuuza vitunguu. Yeye alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro. Akirudi mapumzikoni alituchorea mlima mzima kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la bibi, Kibo juu, Mawenzi pembeni, na njia zikipanda kila upande. Marangu, alisema, wapagazi huiita njia ya soda kwa wepesi wake, na Machame ni njia ya wiski. Bibi alikohoa kila aliposikia hilo, basi sisi kwa heshima yake tukaiita njia ya togwa.

Siku moja mjomba alikuwa akifunga begi arudi kazini. Safari hiyo alikuwa amechaguliwa kupanda na wageni hadi kileleni, nami sikutulia kwa furaha. Nikanyoosha kidole cha shahada mpaka kwenye kile kilele cha mkaa.

"Mjomba, ukifika hapa kwenye barafu utupigie simu. Hapo hapo."

"Nitapiga," akasema.

Bibi aliacha kupepeta. "Zuhura, mlima hauonyeshwi kidole. Unaonyeshwa kwa ngumi. Ukiuonyesha kidole, nao mlima utachukua kidole. Haya, viume vyote kumi, ndiyo dawa yake."

Niliuma tisa. Hicho nilichonyoosha nilikuwa nimekiunguza kwenye kikaango na kiliuma bila msaada wa meno, basi nikakificha kwenye kiganja. Bibi hakuona, nami nikajiona mjanja kwelikweli.

Simu ya bibi iliita asubuhi moja tukiwa tunakunywa uji. Niliidaka kabla yake. Sauti ya mjomba ilikuja na upepo mwingi: "Zuhura, nipo kwenye barafu..." Ikakatika. Ilinitosha! Nilizunguka kijiji kizima nikitangaza kwamba nimeongea na Kibo.

Wiki tatu baadaye mjomba alirudi na bendeji mkononi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimebaki nusu. Baridi ilikiua, hospitali wakakikata. Bibi alinitazama vidole. Nilikwenda nyuma ya zizi la mbuzi, nikakiuma kile cha kumi mpaka kikatoa damu.

Siri hiyo niliibeba hadi utu uzima. Mwaka jana ofisi yetu hapa Dodoma ilipanga safari ya Kilimanjaro, nami nikawa wa kwanza kujiandikisha. Nilikwenda Busi kumuaga mjomba, nikaungama yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mlima umeonewa bure," akasema. "Nilivua glavu nibonyeze simu, upepo ukachukua glavu. Basi."

Mimi sikucheka. Miaka yote niliogopa kidole nilichonyoosha, kumbe kilichomponza ni lile ombi langu, na yeye hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Bibi, Mungu amrehemu, alijua kwamba mtoto anaweza kumponza mtu aliye mbali. Njia tu ndiyo hakuijua.

"Wewe usipige ukiwa juu," mjomba aliniambia tukiagana. "Ushuke kwanza."

Nilipanda kwa njia ya soda, na nani alisema ni nyepesi? Lakini jua lilipochomoza likaipiga ile barafu, nyeupe halafu buluu, miguu iliyokuwa imekufa ilitaka kucheza. Nililia na kucheka kwa pamoja. Barafu ilikuwa imepungua kuliko ile ya ukutani kwa bibi, ila ilikuwa yenyewe. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza kilele chenyewe ni kipi. Nikamwonyesha kwa ngumi, ndani ya glavu. Mtandao ulikuwepo, na simu nikaiacha mfukoni.

Nilimpigia nilipofika getini, chini kabisa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vidole?"

"Kumi, mjomba."

"Haya," akasema, "sasa nisimulie."