Mashine Yake, Ufunguo kwa Jirani

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mama mwenye mashine amekaa juu ya debe lililopinduliwa, nje ya mlango wa stoo yake mwenyewe, na hawezi kuingia. Stoo ni yake. Kufuli kalinunua yeye. Mashine ya kusaga iliyo chumba cha pili, ambayo mtaa wote wa Mnadani pembezoni mwa mji wa Shinyanga unaijua kwa mlio wake, nayo ni yake. Ufunguo tu ndio hana.

"Atakuja," anasema Zipora Masanja, akijivuta ndani ya khanga kwa baridi ya Juni. "Mama Innocent huanza kwa kusali. Akimalizana na Mungu ndiyo ananikumbuka mimi."

Haupiti muda, Anisia, ndiye huyo Mama Innocent, anatokea uchochoroni, ufunguo ukining'inia shingoni pamoja na rozari.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia mwenzake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo umenigandisha."

Mlango unafunguliwa. Ndani yamepangwa mabeseni na viroba vya udaga wa mihogo, mahindi na mtama, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha mwenyewe. Anisia anavikagua, anaridhika, ndipo mwenye mali anaporuhusiwa kuwasha mashine yake.

Ukiiona hali hii kwa mara ya kwanza utacheka. Mwandishi wa makala haya naye alicheka, mpaka aliposimuliwa ilivyoanza.

Mnadani inategemea transfoma moja. Transfoma hiyo inahudumia wenye nyumba, zahanati, mashine nne za kusaga, kinu cha kukamua mafuta ya pamba cha Jashvant, na pampu ya maji ya halmashauri. Mchana mzigo wa umeme huwa mdogo. Jua likizama, vyote vinawashwa kwa mpigo.

Mwanzoni mwa mwaka jana, 1996, lilibandikwa tangazo la shirika la umeme: mashine zote zizimwe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Wenye mashine walilisoma, wakaendelea kusaga.

"Nani angezima wakati wateja wamejaa mlangoni?" anauliza Zipora.

Mwezi wa Agosti transfoma iliungua. Mtaa ulikaa gizani karibu wiki mbili, na pale zahanati wazazi walijifungua kwa mwanga wa chemli. Umeme uliporudi, ulirudi na onyo: ikiungua tena, mashine zitakatiwa kabisa mpaka ipatikane transfoma kubwa, na hakuna aliyejua ingepatikana lini.

Zipora alishika tama. Marehemu mumewe, Selestine, aliinunua mashine ile kwa pamba ya misimu mitatu, na ndiyo inayosomesha watoto wao watatu. "Wenzangu wana mashamba," anasema. "Mimi shamba langu ni hii. Ikizimwa, tumekwisha."

Ndipo diwani wa kata, Telesphori Kazungu, alipolipeleka suala hilo kwenye baraza la halmashauri. Ombi lake lilikuwa moja tu.

"Niliwaambia wenzetu wa shirika, msituletee mpango ulioiva tayari," anaeleza. "Njooni tupike wote, maana walaji ni sisi."

Wakaja. Kikao kilifanyika darasani, shule ya msingi, wakubwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mhandisi wa shirika alichora ubaoni mzigo wa umeme unavyopanda jioni, kisha akauliza swali ambalo tangazo halikuwahi kuuliza: kwa nini mnasaga jioni?

Akina mama walimjibu. Udaga huanikwa kutwa. Unakauka jioni, unapelekwa mashineni, unga unarudi nyumbani kupikwa ugali. Hiyo ndiyo ratiba, na imepangwa na jua.

Wakapanga upya. Halmashauri ilikubali pampu yake ivute maji mchana. Jashvant naye alikubali, shingo upande, kukamua mchana. "Joto la Shinyanga na la kinu kwa pamoja! Nitakaangwa pamoja na mbegu," alilalamika, darasa zima likaangua kicheko. Zikabaki mashine za kusaga. Zipora alinyoosha mkono wa kwanza: atapokea nafaka jioni, atasaga alfajiri.

Wiki ya kwanza nusura imtoe machozi. Alikuwa akisaga madebe thelathini kwa siku. Akajikuta na matatu. Wateja walihamia mashine ya dizeli iliyo barabara ya Kishapu. Aliyewaongoza alikuwa jirani yake wa miaka tisa, Anisia.

"Nilisema wazi, sikumsengenya," anasema Anisia bila kupepesa. "Chakula cha wanangu kilale kwa mtu? Asubuhi naambiwa huu ndio unga wako, nitabisha kwa lipi?"

"Niliumia," anakiri Zipora. "Nililia hasa. Halafu nikajiuliza, kwani amekosea? Hata mimi ningeogopa."

Kesho yake alinunua kufuli jipya na kwenda nalo moja kwa moja kwa Anisia. Ufunguo mmoja akamvisha shingoni. Wa pili akaukabidhi ofisi ya kata. "Nikamwambia, shika wewe. Mimi mwenyewe nisiingie mpaka uje."

Jioni ile Anisia alileta udaga wake. Wengine wakamfuata.

Leo Zipora anakaribia madebe arobaini, wenye mashine wenzake watatu wamemwiga, na transfoma haijaungua tena. Halmashauri sasa imekubaliana na shirika kwamba mpango wowote wa kubana matumizi ya umeme uanzie kwenye kikao cha mtaa. Mwezi ujao ni zamu ya mtaa wa pili, na Zipora ameombwa akazungumze. Mwanamke huyu anastahili kusikilizwa. Wengi wetu tungegomba na Anisia mpaka leo.

Kuna jambo moja limebaki. Jumamosi Anisia anasafiri kwenda Ushirombo kumuuguza mama yake, na hajui atarudi lini. Asubuhi hii, mbele ya wenzake waliofuata unga, anauvua ufunguo shingoni.

"Tumeshakubaliana," anamwambia Zipora. "Kaa nao mwenyewe. Hatuna wasiwasi na wewe."

Zipora anazima mashine. Anajifuta unga usoni, na macho anayafuta muda mrefu kuliko unga unavyohitaji. Kisha anatikisa kichwa.

"Yule mama wa mtaa wa pili, Mama Jenifa," anasema. "Jana kaja na beseni lake, kachungulia stoo, kaondoka nalo. Mpelekeeni yeye. Nataka akija kwenye kikao aje nao shingoni."

Anaiwasha tena mashine. Jumatatu alfajiri atakaa nje juu ya debe lake, akimsubiri mgeni mwenye ufunguo.