Mwalimu Anataka Nini Kwetu

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Mimi dada yake mkubwa nimemzoea, lakini mgeni humchoka mara moja. Ukimkaribisha chai, anainusa kwanza. Ukimsifia shati, anakuuliza unataka kukopa nini. Jirani akimsalimia mara mbili kwa siku moja, jioni ananiambia, "Dada, yule ana lake jambo."

Simlaumu sana, kazi ndiyo iliyomharibu. Mtu anamletea kochi la kupendeza, kitambaa kinang'aa, vifungo vimekaa sawasawa. Yeye anachana upande wa chini kwa kisu na kukuta limejazwa maboksi yaliyokatwakatwa, magunia, nguo kuukuu, siku moja hata kiatu cha mguu mmoja. Kufumua uongo wa mafundi wenzake miaka nenda miaka rudi kumemfanya aamini kwamba kila kinachopendeza kimeficha takataka tumboni. Watu nao anawaona hivyo hivyo. Akiongea na wewe, unahisi anatafuta mahali pa kupitishia kisu.

Mke wake, wifi yangu, alifariki binti yao akiwa bado ananyonya, nikahamia pale kumlea. Sasa mtoto yuko darasa la tatu, ana macho ya mama yake na kigugumizi ambacho hatujui kakitoa wapi. Neno likimkwama anafumba macho na kugonga paja kwa ngumi. Baba yake hawezi kuvumilia kuona hivyo. Si kwamba anamkasirikia, hapana, inamuuma. Kwa hiyo humdakia. Mtoto akianza, "Baba, na-na-naomba," yeye tayari: maji? mkate? kalamu? shangazi yako atakupa. Mtoto anatikisa kichwa kukubali, hata kama alitaka kitu kingine kabisa.

Mwaka huu akampata mwalimu mpya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Mara tukaona mtoto anachelewa kurudi. Tukimuuliza, Mwalimu amembakisha. Wenzake wameondoka, yeye kabaki. Wanafanya nini? Wanaongea. Kaka akaweka nyundo chini. Mwalimu gani huyo, kazi imeisha, anabaki kuongea na mtoto wa mtu, mmoja tu, bila sababu?

Machale yakamcheza zaidi siku mtoto aliposema Mwalimu ameulizia kazi ya baba. Kaka akaniambia sasa tumefika. Kwa hesabu zake mambo yalikuwa wazi: ameanza kujisogeza kwetu kupitia kwa mtoto, sasa anaulizia kazi, na mwisho wa mwaka tutasikia sebule yake haina makochi. Nilimwambia aache hizo. Lakini usifikiri sikuambukizwa. Siku moja nilikutana na Mwalimu dukani, akanijulia hali kwa upole, na mimi nikajikuta namjibu kwa mkato utadhani nahojiwa na polisi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, wazazi wa darasa lile wakaitana kupanga namna ya kumshukuru. Kaka hakutaka kwenda, kisha akaenda, akanivuta na mimi, ili aone nani atakula nini. Tulikutana darasani, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Mama mmoja alitaka kila mtoto achore picha, zishonwe pamoja ziwe kitabu. Baba mmoja dereva alijitolea kupaka rangi ukuta uliobabuka. Mwingine akasema sisi wazazi tunajua njia ya kwenda kulalamika tu kwa mwalimu mkuu, hebu safari hii twende kumsifia mtu. Mimi niliona ni mawazo mazuri. Halafu mama mwenye duka la vitabu akamgeukia kaka. Mwalimu anakalia kiti cha mbao tupu mwaka mzima, akasema, si fundi wetu amtengenezee chenye sponji?

Kaka alirudi nyumbani anatembea mbele yangu kama amenisahau. Tulipofika mlangoni ndipo akageuka. Nilikwambia au sikukwambia, akaniuliza. Yule mama ametumwa.

Tungeishia kununa tu kama si mtoto. Jioni ile alisimama mbele ya baba yake, akafumba macho, akaanza. Ilituchukua muda na kukisia kwingi kumwelewa. Alikuwa na zawadi yake mwenyewe: alitaka siku ya kufunga shule asimame mbele ya watu wote, atoe neno la shukrani kwa mdomo wake. Mwalimu alikuwa amekubali.

"Hapana, mama," kaka akamwambia. "Watakucheka. Yule anataka kukuonyesha kwa watu, wamsifie yeye."

Mtoto akajaribu kueleza. Kaka akamdakia. Akajaribu tena, akadakiwa tena, kila neno linapelekwa mahali ambapo mwenyewe hakukusudia, mimi niliona kwa uso wake. Mwisho akafunga mdomo, na hakuufungua tena. Asubuhi hakutusalimia. Mchana hakujibu. Chakula alikula kama ametumwa. Kesho yake vilevile. Niliogopa jamani. Nikamwambia kaka, huyu mtoto akizoea kunyamaza tutamrudisha na nini? Hapo ndipo alipovaa shati la kutokea, akasema twende shule, leo atajua kilichomo ndani ya huyo mwalimu.

Tulimkuta peke yake darasani anafuta ubao. Kaka hakukubali kukaa. Alizungusha macho kwenye kabati, dirishani, kwenye kile kiti cha mbao, akachungulia hata chini ya meza. Salamu yenyewe ilimtoka kwa shida.

"Mwalimu, tuambiane ukweli," akasema. "Unataka nini kwetu?"

Mwalimu alishangaa, kisha nikajua amekasirika, maana alikunja kitambaa cha kufutia ubao polepole mno kabla ya kujibu. Akasema hataki kitu. Kaka akamwambia kila mtu anataka kitu, na kiti je? Kiti gani, Mwalimu akauliza. Habari za kiti hakuwa nazo hata kidogo, usoni ilionekana. Kaka alimkazia macho weee, hakupata mahali pa kupitisha kisu.

"Basi kipo ninachotaka," Mwalimu akasema.

Kaka akanitupia jicho, umesikia?

"Nataka binti yako akianza kusema, usimmalizie."

Akatueleza bila kuzunguka. Alikuwa anambakisha ili aongee tu, na yeye akae kimya mpaka mtoto afike mwisho, hata kama watachelewa. Siku za mwanzo alimuuliza kama kuna mahali anapoongea bila kukwama. Mtoto akamjibu kwamba ni kwenye karakana ya baba, baba akiwa na misumari mdomoni. Ndipo akaulizia kazi ya baba.

Mafundi makochi wana mtindo huo, wanabana misumari midogo kwa midomo na kuitoa mmoja mmoja huku wanagonga. Wakati huo kaka hawezi kusema hata "enhe". Na kweli, nilipokumbuka, hadithi zote ndefu za yule mtoto nilizisikia nikiwa napita karakana huku nyundo inalia. Kaka alikuwa anaangalia mikono yake. Njiani akaniuliza kama mimi namwamini yule mwanamke. Nikamwambia namwamini. Akasema yeye ataona. Lakini jioni alimwambia mtoto, "Utasema."

Siku ya kufunga, ukuta uliopakwa upya ulikuwa bado unanuka rangi. Mwalimu alishapewa kitabu cha picha, na kiti kilikuwa bado kile kile cha mbao. Mtoto akaitwa. Akasimama mbele, akasema "Mwalimu", na neno la pili likakwama. Akafumba macho. Ngumi ikaanza kugonga paja. Nyuma mtu akaguna. Nikafungua mdomo kumsaidia, na kaka akanikanyaga mguu, kiatu kizima. Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo kaibana mpaka imepauka. Watu wakaanza kujikohoza. Aliteseka, kaka yangu, sijawahi kumwona anateseka vile tangu msiba.

"Asante kwa kuningoja," mtoto akasema, akaenda kukaa.

Nililia bila haya. Kaka, wapi, alikuwa keshaanza tena. Tukiwa tunarudi, mtoto katikati yetu, akaninong'oneza kwamba maneno yale ni mazuri mno, bila shaka kalishwa na Mwalimu. Nikamwambia si mwenye maneno huyu hapa, muulize.

Akamuuliza. Mtoto akasimama, nasi tukasimama, katikati ya njia nyembamba. "Ni... ni..." Nyuma yetu mtu wa mkokoteni akataka tumpishe. Kaka alimwinulia mkono bila kumgeukia. Yule mtu akatutukana. Tukangoja.

"Nimeyatunga mwenyewe," mtoto akasema. "Ninayo mengi, baba. Ila huniachii."

Kaka akamvuta taratibu pembeni, mkokoteni ukapita. Kisha akachuchumaa mbele yake, akanyamaza.