Baba alivyonipeleka Nyali nikajifunze uanaume

Wakuu, heshima zenu. Shule niliishia ya msingi na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo nivumilieni. Chumvi sitatia, yenyewe yanatosha.

Nimezaliwa Bofu, Likoni. Haya ni ya miaka michache kabla ya uhuru.

Baba alikuwa mpishi kwa Mzungu huko Nyali, akilala hukohuko. Nyumbani alikuja Jumapili tu. Mimi nikalelewa na mama na dada zangu watatu, nikishinda nao jikoni.

Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika "abee", wa kiume "naam". Mimi hiyo naam ningeisikia kwa nani?

Siku ya kwanza chuoni, kusoma Kurani, mwalimu akaita, "Saidi."

"Abee."

Chuo kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo nikawa Bi Saidi. "Bi Saidi, leo hukusukwa?" Nami mwenye haya, nikaacha kusema kabisa. Mwalimu akiniita, nainua mkono tu.

Habari zikamfikia baba.

"Mama Saidi, unanilelea binti wa nne," akasema. "Jikoni asiingie tena. Naenda naye Nyali siku mbili tatu, akaone mwanamume anavyoishi."

Nikaenda. Nikaona.

Baba, na ndevu zake zile, amevaa aproni nyeupe, anakanda unga, anamenya viazi, anaonja mchuzi. Kazi zilezile zilizokuwa zinanigeuza mimi binti.

Mara memsahib, mke wa yule Mzungu, msichana wa juzi tu, akaita kutoka barazani: "Boi."

Yaani mvulana. Hivyo ndivyo watumishi walivyoitwa, hata mwenye wajukuu.

Baba akaenda mbio. "Yes, memsahib." Sauti laini ambayo Bofu sikupata kuisikia.

Aliporudi alinikuta namtazama. Akashika unga wake. Baadaye, bila kuinua uso, akasema, "Uliyoyaona hapa usimpelekee mama yako."

Sikumpelekea. Lakini Jumapili iliyofuata niliketi jikoni, nikakuna nazi mbele ya baba. Akanitazama, akatoka nje.

Nilichojifunza, wakuu: uanaume haukuniota kama ndevu. Nilivishwa na watu, na waliokuwa wakali zaidi ndio waliokuwa wakiogopa zaidi kuchekwa.

Nawe, nani alikufundisha kuwa mwanamume au mwanamke? Na yeye mwenyewe, ulipata kumwona akiwa kazini kwake? Semeni, nasoma zote. Kujibu tu ndiko nitakakochelewa.