Kofia ya Umeme ya Baba

Kwa karibu mwaka mzima baba alikuwa hanijui, na sisi tulikuwa tunamsifu.

Kosa ni la salamu zetu. Msukuma wa umri wake ukimwamkia, haitikii tu mambo yakaisha kama watu wa mjini wenye haraka zao. Anakuuliza, "Ng'wa nani?" yaani wewe ni wa kwa nani. Unataja ukoo wa baba yako, naye anakuitikia kwa ukoo huo, polepole, na habari za mvua na ng'ombe juu yake. Baba alituuliza hivyo hata sisi wanawe tangu tukiwa wadogo kule Misungwi, tusije tukasahau tulikotoka. Mama alipofariki nikamleta Kiseke, hapa Mwanza, akae kwangu. Kila asubuhi nilimpelekea uji, nikapiga goti na kusema, "Shikamoo baba." Aliitikia marahaba, akaniangalia, akauliza, "Ng'wa nani?" Nikataja ukoo wetu, akafurahi. Majirani wakasema mzee huyu kweli ameshika mila, na mimi kichwa kikavimba.

Siku moja niliamka vibaya. Nilikuwa na sare za shule za kushona, cherehani imegoma, na mwenye sare ananipigia simu kila nikikaa. Baba alipouliza mimi ni wa kwa nani, nikamtania, nikataja ukoo wa mzee mwenye mashine ya kusaga mtaa wa pili. Nilisubiri anicheke au anirushie fimbo. Akaniitikia kwa heshima zote. Akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Kisha akanituma nimsalimie baba yangu, akasema ni mtu mzuri, isipokuwa kwenye mambo ya mipaka ya shamba si wa kuaminika.

Nikatoka na bakuli la uji, nikakaa nyuma ya nyumba kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia mpaka uji ukapoa.

Nilimpigia kaka yangu, ambaye yuko Dar na anajua kila kitu kwa sababu ana bando. Baada ya siku chache akanipigia na habari ya mashine zinazoamsha kumbukumbu kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi ya kichwa. "Hawapasui," alinirudiarudia, kana kwamba mimi nimeshika kisu. Shangazi yetu alipoambiwa, alisema umeme ukiingia vibaya kwenye nyumba, nyumba inaungua, sembuse kichwa. Kaka akamweleza kwamba ni wa betri ndogo tu. Shangazi akauliza, betri ikiisha na akili inazima? Kaka alisema mtandao unakata, hasikii vizuri.

Nilimpeleka baba mjini, kwenye hospitali iliyokuwa inawajaribia wazee mashine hiyo. Daktari alikuwa mkweli kupita kiasi. Alisema hii si dawa ya kuponya, wapo wanaosaidika kidogo, wapo ambao hutaona tofauti yoyote, na wao wenyewe bado wanajifunza. Nilimwambia mimi sitaki baba akumbuke leo ni Jumanne wala rais ni nani, mambo hayo hata mimi yananichosha. Nataka anijue mimi. Akasema hilo tunaweza kulijaribu.

Kofia yenyewe ilikuwa ya kitambaa cha kuvutika, ndani yake sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Baba alikubali kuvua pama lake baada ya kuhakikishiwa kwamba nitalishika mimi na si mtu mwingine, ingawa mimi kwake nilikuwa mtu mwingine. Maji yakamchuruzika shingoni. Mtaalamu, msichana mpole aliyemwita babu, akawasha mashine na kumuuliza anajisikiaje.

"Kama nimekalia siafu," baba akasema, "ila juu."

Msichana yule alinieleza kwamba umeme peke yake haumfundishi mtu chochote. Wakati unapita, ubongo unatakiwa uwe unafanya kazi ile ile tunayotaka uishike. Kwa hiyo nilete picha za familia, zilizo wazi, zisiwe nyingi.

Sasa, kwetu ukiambiwa picha za familia, hujiulizi mara mbili. Ni zile za ukutani sebuleni, zenye fremu. Nikazishusha: mama siku ya harusi, kaka na joho lake, na mimi na joho langu la chuo cha ualimu, kazi ambayo sikuifanya hata muhula mmoja. Kwenye picha hiyo ni mwembamba, nywele zimelazwa na dawa, midomo imeiva, na nyuma yangu kuna maporomoko ya maji ambayo Mwanza nzima hayapo. Nilizifuta vumbi nikazipeleka. Hakuna aliyeona tatizo.

Mama, baba alimtambua siku ile ile, akamgombeza msichana kwa kumshika mkewe kwa vidole vyenye maji. Kaka naye alitambuliwa mapema. Niliona wivu, sifichi. Mtu anatuma salamu kwa simu kutoka Dar na anajulikana, mimi ninayefua mashuka naitwa "mwalimu mmoja hivi." Nikaanza kumsaidia baba kwa kumchezeshea midomo nyuma ya mgongo wa mtaalamu. Nikakamatwa, nikatolewa nje kama mwanafunzi, na tangu hapo nikawa nasubiri kwenye benchi la korido na pama mapajani.

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Kisha siku moja mlango ukafunguliwa na msichana yule akatoka huku anacheka.

"Dada, amekutaja! Nimemuuliza huyu nani, akasema binti yangu. Nikamuuliza wa ngapi, akasema wa mwisho."

Nilimkumbatia mpaka kalamu yake ikanichoma. Nikampigia kaka, akasema si nilikuambia. Tulipitia sokoni nikanunua samaki, sato mkubwa, yule ambaye huwa namwangalia tu na kupita. Njiani sikumuuliza baba kitu, niliogopa nitaimwaga kumbukumbu hiyo kama maji.

Nyumbani nikampika yule sato kwa nyanya na ndimu, nikasonga ugali, nikamnawisha mikono. Baba alikula vizuri. Picha yangu alikuwa nayo mapajani, kwa sababu tuliambiwa afanye mazoezi na nyumbani. Alipoona bado nimesimama akanionyesha kiti.

"Kaa, mama. Umefanya kazi tangu asubuhi."

Nikakaa karibu naye. Akaifuta fremu kwa kiganja, akanigeuzia.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Wa mwisho."

"Ni mzuri," nikasema.

"Sana. Amesoma huyu, ni mwalimu." Aliitazama tena. "Ila haji. Wenzake wanaleta hata salamu, yeye kimya. Sijui nilimkosea nini."

Nikavua kitambaa kichwani. Nikasogea kwenye mwanga wa dirisha, nikamtazama usoni bila kupepesa. Akanitazama kwa makini, kisha akaitazama picha, kisha mimi tena.

"Na wewe," akauliza, "baba yako yupo?"

"Yupo."

"Ni mzee?"

"Ni mzee."

"Basi acha hivyo vyombo uende ukamwone," akasema. "Usimfanye akae anaangalia mlango kama mimi."

Nikamwambia nitakwenda. Kisha nikavuta sahani yake, nikaendelea kumtolea miiba kwenye kipande kilichobaki.