Fundi Aliyezitengeneza Zote

Wanafunzi walimwita Asilimia, na jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Ukimuuliza asubuhi, "Habari, fundi?" alikujibu kwa uso mkavu, "Kama asilimia sabini hivi." Siku ambayo mtoto wake amelala bila kukohoa ilipanda hadi tisini. Mia sikuwahi kuisikia, nami nimemjua tangu alipomuoa mdogo wangu. Mimi ni mkutubi wa chuo. Maktaba yangu na maabara ya kompyuta zinatenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwambia afya.

Ndiye mimi niliyemwambia kuna kazi. Sikumfanyia upendeleo wowote, maana kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ukiisha anakwenda kusimama mlangoni kwa mkuu wa chuo kama mtu aliyekuja kuomba maji. Mkataba wa namna hiyo haukupi kadi ya matibabu. Shemeji yangu hakuwa na tamaa ya cheo wala ya kiti cha kuzunguka. Alitaka ile kadi tu, kwa sababu mtoto ana pumu. Nimemwona mdogo wangu amempakata yule mtoto, anamsikiliza pumzi moja baada ya nyingine huku anatabasamu ili asimtishe. Ukiona jambo kama hilo huwezi tena kusema kadi ni karatasi.

Basi mwaka huu mkuu wa chuo akamwita, na mimi nilikuwepo, nimepeleka majarida. Akamwambia, "Fundi, mitihani ya safari hii tunafanyia kwenye kompyuta. Ikipita bila aibu, nakupeleka kwenye bodi. Ajira ya kudumu." Mkuu si mtu wa maneno mengi, wala si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitakasirika, na sitaki mtu adhani natafuta wa kumtukana.

Wiki moja kabla ya mitihani, mwanafunzi mmoja alichomeka flashi yenye virusi, na kufikia jioni maabara nzima ilikuwa hoi. Kompyuta zinawaka, zinaguna, zinazima. Asilimia hakutaharuki. Alisema atazifuta zote. Atachukua mashine moja, aisafishe, apange kila kitu mahali pake, kisha achukue nakala ya diski yake nzima, aiweke kwenye seva, ile kompyuta kuu ya maabara, na kuimwaga kwa waya za mtandao kwenye mashine nyingine zote kwa pamoja.

"Hakuna haja ya kukaa na moja moja, shemeji," aliniambia. "Unaziamsha tu, zinaomba nakala kwa seva, zinapewa. Ukienda kunywa chai, ukirudi unakuta tayari."

Alikwenda kunywa chai. Aliporudi alikuta baadhi zimekubali na baadhi zimekataa. Zilizokataa zilikuwa zimeandika mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi, kwamba hazikupata faili la kuanzia, kisha zikanyamaza. Akabadilisha waya. Akabadilisha swichi ya kuunganishia. Akaichukua iliyokubali na kuiweka mahali pa iliyokataa, ikakataa. Iliyokataa akaihamisha, ikakubali, na alipojaribu tena ikamgeuka. Asubuhi mapema, maana alikuwa anakesha humo humo, zote zilikuwa na adabu. Saa mbili ikishapita ndipo ukaidi unaanza. Kupitia ule ukuta nilimsikia akisema nazo. Alianza kwa kuzibembeleza, akaingia kwenye kuzisihi, na kufikia katikati ya wiki alikuwa anazitukania mama zao, mtu ambaye hata mbu humfukuza kwa heshima.

Nikaingia. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya waya, shati limemganda mgongoni.

"Umekula?"

"Shemeji, hebu angalia hapa." Watu wa aina yake ukiwauliza habari za chakula wanakuonyesha kioo. "Mashine ikiamka hivi haijijui. Diski tupu, haina jina, haina anwani. Inapiga kelele kwenye mtandao: jamani, mimi nani, niende wapi? Seva yangu inatakiwa ijibu, wewe ni fulani, nakala yako hii hapa. Sasa kuna mwingine anayejibu kabla yake. Anwani anatoa, nakala hana. Na zenyewe zinamwamini wa kwanza kujibu."

"Mwingine nani?"

"Ndiyo sijui. Hizi namba si zangu."

"Basi huyo mwingine anaingia kazini saa mbili," nikamtania.

Alinikodolea macho, akainuka, akatoka bila viatu. Alizunguka chuo kizima akifuata waya: ofisi ya uhasibu, chumba cha walimu, hata stoo ya mafagio. Mwisho akafika kibanda cha mlinzi getini. Zamani palikuwa na kamera pale. Kamera ikafa, tundu la mtandao likabaki ukutani. Juu ya rafu, nyuma ya redio, kisanduku cheupe cha intaneti kilikuwa kinakonyeza taa zake. Mlinzi wa mchana, mzee mpole ambaye ndiye pia anayefungua vyumba vyote vya chuo, alikuwa amekinunua mtumba ili atazame mpira kwenye simu. Akiingia zamu anakichomeka kwenye lile tundu, akitoka anakitia mfukoni. Na kila kompyuta iliyoamka na kuuliza yenyewe ni nani, kisanduku hicho ndicho kilichokuwa kinakimbilia kuijibu.

Mzee alipoelezwa, alizima redio. "Fundi, mwanangu, usinimwagie unga. Nimebakiza kidogo tu nistaafu."

"Hakuna wa kukumwagia unga, mzee. Niazime hicho kidude kwa muda mfupi."

Akakiingilia kwa simu yake, akakinyamazisha kisigawe tena anwani kwa mtu, kipitishe mpira tu. Mkuu alipouliza tatizo lilikuwa nini, alijibu, "Waya tu, mkuu." Siku ile nilijivunia kuwa shemeji yake, na nilimwambia hivyo.

Nakala sasa ikaanza kumwagika. Mistari ya kijani ilisogea pamoja kwenye vioo, safu kwa safu, naye akipita katikati mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Moja ilikuwa inavuta miguu na kuwachelewesha wenzake wote, maana kwenye kumwaga kwa pamoja anayepokea polepole ndiye anayeamua mwendo. Akaing'oa waya wake wa zamani, akaifungia mpya, ikawafuata wenzake. Mchana zote ziliwaka, safi, zimefanana kama sare za shule. Alikuja maktaba kuniambia, akabaki anacheka.

Angeishia hapo, leo ningekuwa nasimulia mengine. Lakini yeye si mtu wa kuishia. Akakaa akatengeneza menyu: mashine ikiharibika, unaiwasha, unabonyeza kitufe kimoja, nayo inajifuta na kuchukua nakala mpya kutoka kwenye seva bila kumsumbua mtu. Maelezo yote kwa Kiswahili chepesi. "Hata asiyejua kompyuta ataweza," akaniambia, macho yanang'aa.

Nikafunga mlango.

"Shemeji, hicho kitufe unataka kumwonyesha nani?"

"Mkuu."

"Usimwonyeshe. Kitie nywila, kaa nacho wewe mpaka bodi ikutane."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu fundi anatafutwa kwa kile ambacho wengine hawakiwezi. Yule aliyekuwepo kabla yako hakuna aliyejua anafanya nini humu ndani, na walimbembeleza mpaka alipoondoka mwenyewe kwa maringo."

"Na ndiye aliyeniachia maabara mbovu," akasema. "Mimi nikiugua je?"

"Ukiugua watakuja kukutazama hospitali roho zikiwa juu. Ndivyo ninavyotaka mimi."

"Lakini mkuu ameahidi."

"Ameahidi kumwajiri fundi. Usimpe sababu ya kuona hamhitaji."

Sikuwa mpole. Nilimwambia anajipalia makaa, nikamtajia kifua cha mtoto. Hapo akainamisha kichwa, nikadhani nimemshinda. Kumbe alikuwa anawaza namna ya kukuza herufi za ile menyu ili hata mwenye macho mabovu aisome.

Mitihani ikaanza. Siku ya pili kompyuta moja ilizima katikati ya kazi. Asilimia alimhamisha mtahiniwa, akabonyeza, na kabla kipindi hakijaisha ile mashine ilikuwa imerudi kama mpya. Mkuu alikuwa amesimama pale pale. "Umefanyaje?" akauliza. Na shemeji yangu, Mungu amsaidie, akamwonyesha. Akamkalisha mkuu mwenyewe, akamwacha abonyeze. Mkuu alifurahi mno, akabonyeza na nyingine ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Bodi ikakutana. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao, kwa hiyo nilisikia kila neno. Mkuu alitimiza ahadi yake ya kulileta jina, na alimsifu fundi kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akimsifu mtu. Kijana huyu, alisema, ametuondolea tatizo la miaka mingi. Sasa hata mimi naweza kutengeneza kompyuta. Watu wakacheka, wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mjumbe mmoja, akiwa anamalizia biskuti yake, akauliza, "Kama zote zinafanya kazi, na zikiharibika zinajitengeneza zenyewe, fundi wa kudumu ni wa nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nilimtazama mkuu, nikamwomba kwa macho aseme neno. "Kwa kweli," akasema polepole, "ni kitufe tu."

Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hasira, na mpaka leo sijui niliwakasirikia wao zaidi au yeye. Nafasi ikapewa idara nyingine. Fundi akaambiwa amalizie mkataba wake, ila kabla hajaondoka amfundishe mtu kile kitufe. Mtu gani? Wakatafuta kidogo tu: yule anayefungua maabara kila asubuhi, mwenye funguo zote. Mlinzi.

Mzee alikuja na kofia mkononi, hawezi kumtazama usoni. "Mwanangu, mimi sitaki kazi yako."

"Si kazi, mzee. Ni kitufe. Kaa hapa."

Akamfundisha. Nilisikia yote kupitia ule ukuta, na sikuweza kusoma hata mstari. Hakuwa na haraka, hakupandisha sauti, alimrudisha mwanzo kila alipokosea mpaka yule mzee akaweza bila kuelekezwa. Nilitamani amfundishe vibaya. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote, wala sioni aibu. Mdogo wangu alipoletewa habari hakulia. Alimtazama mtoto, akaenda kufunga dirisha ili vumbi lisiingie.

Tangu hapo shemeji yangu yuko nyumbani. Ameomba kazi kila mahali, na kila mahali wanamuuliza kwa nini chuo kilimwacha. Anasema ukweli, kwamba alizitengeneza zote, na wao wanamtazama kama mtu anayeficha jambo. Mara moja moja jirani humletea simu iliyopasuka kioo. Mtoto alibanwa kifua tena, wakakaa kwenye benchi la zahanati mpaka wenye kadi walipokwisha.

Juzi asubuhi nilipita kwao kabla ya kwenda kazini, nimewaletea dawa. Tukiwa tumekaa, simu yake ikalia. Akatazama, akasimama. "Mlinzi wa chuo!" Ilikuwa siku ya kwanza ya muhula. Sijawahi kuona nyumba ikiamka vile. Mdogo wangu alishuka kitandani, akauchukua mfuko wa vifaa nyuma ya mlango, mtoto akamletea baba yake viatu, na yeye akaiweka simu kwenye spika juu ya meza ili mikono ipate nafasi ya kufunga kamba.

"Fundi, mwanangu, za siku nyingi?"

"Nzuri, mzee. Kuna nini? Zimegoma?" Alikuwa ameshavaa kiatu cha kwanza.

"Aa, wapi! Moja ndiyo ilinizingua asubuhi hii. Nikabonyeza kama ulivyonifundisha, imewaka. Zote zimewaka. Nikasema ngoja nimpigie mwanangu nimshukuru."

Hata mtoto alielewa.

"Vizuri sana, mzee," akasema shemeji yangu. "Nashukuru umenipigia."

Simu ikakatika. Mdogo wangu akauchukua ule mfuko wa vifaa, akaurudisha nyuma ya mlango, kisha akapiga magoti na kuanza kumvua mumewe kiatu.