Beseni ya Fidélie na Wimbo wa Pande Mbili

Mama Eneless alizoea kusema mbele ya watu kwamba mukamwana wake akiongea na mashine inamusikia, lakini akiongea na bukari, ule ugali wa kwao, inamukatalia na kutoa madonge. Fidélie mwenyewe ndiye alikuwa anacheka kuliko wote. Bukari yake ilikuwa na madonge kweli, na haki ya Mungu haifichwi.

Alitoka Lubumbashi, kule alikosoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, akaolewa na Davison, muvuvi wa Kashikishi kando ya ziwa, na sasa alikuwa sekretere katika biro ya kanisa. Mwaka ule wa tisini na saba Mungu aliwapa mutoto wa kwanza, Bwembya, na ubatizo wake uliwekwa siku ya Pasaka. Wachuuzi wa samaki wakaleta neno kutoka ng'ambo, upande wa Congo. Mama Berthe, mama yake Fidélie, aliyeuza samaki kule, alisema atakuja. Mama huyo aliogopa maji kama paka, hakuwa amevuka ziwa hata siku moja. Lakini mujukuu ni mujukuu.

Fidélie alifurahi mpaka akaunguza mboga. Kisha wazo moja likamuchoma. Katika kanisa lao nyimbo zote ziliimbwa Kibemba, na mama yake hakujua Kibemba hata cha kuombea maji. Angevuka ziwa lote kwa hofu, halafu akae kwenye benchi mudomo umefungwa, kama mugeni katika furaha ya mujukuu wake mwenyewe? Hapana. Akaenda kwa Baba Chewe, mukubwa wa kwaya, aliyekuwa ametunga wimbo wa ubatizo.

"Baba, tuuimbe Kibemba na Kiswahili pamoja," akamuomba.

Mama Eneless, aliyeongoza sauti za wanawake, akasikia. "Kiswahili ni cha kununulia samaki. Sasa Mungu tutamuuzia nini?"

Kwaya ikacheka. Baba Chewe akacheka pia, lakini akakubali. "Tujaribu, Mama Bwembya. Ila iwe karatasi moja. Kiswahili kushoto, Kibemba kuume, mustari uangalie mwenzake. Ukitoa karatasi mbili utanipa kwaya mbili. Na kama mazoezi yakiharibika, siku ya Pasaka tunaimba Kibemba tu."

Basi Fidélie akaketi mbele ya ordinatere ya biro. Disketi ya programu ya kuandikia barua ilikuwa imekufa zamani kwa unyevu wa ziwa. Iliyobaki nzima ni ile aliyokuja nayo kutoka shuleni, yenye luga ya programu inayoitwa C plus plus. Katika luga hiyo kila kitu ni kama mutumishi mwenye kazi yake. Kuna mutumishi wa kuandika. Wewe unamutumia maneno, yeye anayapeleka kwenye mashine ya kuchapa. Fidélie alimupa amri mbili: maneno yaanzie kushoto, na kila kipande cha Kiswahili kipewe nafasi ya upana uleule, hata kikiwa kifupi, ili Kibemba chote kianzie mahali pamoja. Akawasha jenereta, mashine ikalia kreee, kreee, akabeba karatasi mbio kwenye mazoezi bila kuziangalia, maana mutoto alikuwa analia mugongoni.

Mustari wa kwanza uliimbwa vizuri sana. Kushoto, *Aksanti, Mungu wangu*. Kuume, *Natotela, Lesa wandi*. Fidélie akafunga macho kwa raha.

Kisha ikawa kelele. Kuanzia mustari wa pili Kibemba kilikuwa hakisimami mahali pake. Penye Kiswahili kifupi kilisogea kushoto, penye kirefu kikasukumwa mpaka pembeni, na maneno ya pande zote mbili yakashikana. Wengine wakaimba Kiswahili nusu wakaangukia Kibemba bila kujua. Wanaume walifika Amina wakati wanawake wangali kwenye mustari wa maji ya ubatizo.

"Yesu wangu!" Mama Eneless akasema, akigeuza karatasi juu chini. "Huu mustari wa kwanza ni mulokole, hii mingine yote imetoka kunywa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba Chewe akapangusa macho. "Mama Bwembya, nakupa mpaka kesho jioni. Kisha basi."

Fidélie alicheka nao, lakini njiani kwenda nyumbani machozi yalikuwa karibu. Amri aliitoa. Mustari wa kwanza ulitii. Mingine kwa nini ikatae?

Asubuhi Mama Eneless akamuchukua kwenye forodha, pale mashua zinapofikia, kununua chisense, wale samaki wadogo wa kuanika. Pale Kashikishi, kabla ya mashua kufika, kila mama anaweka beseni yake juu ya mchanga, moja nyuma ya ingine, na kwenda kukaa. Beseni inamushikia nafasi, hakuna atakayeigusa. Siku zote mama mukwe ndiye alipanga beseni, Fidélie alibeba tu. Leo aliachiwa kazi yote. Akapimiwa, akamwaga samaki katika mufuko, akarudi na beseni tupu kuiweka palepale mbele.

"We! We! Mama wa mashine!" wanawake wakapiga kelele. "Unapimiwa mara mbili, siye tuko majiwe?"

"Lakini nafasi yangu si ilikuwa hapa?"

"Mutoto wangu," Mama Eneless akamwambia, akimuvuta kwa kitenge, "beseni inashika nafasi mara moja. Ukisha kupimiwa, ile nafasi imekufa. Unataka tena? Unaweka tena. Kila mara unaweka tena."

Fidélie akasimama, mudomo wazi. Akilini akamuona mutumishi wake wa kuandika, yule wa mashine: amri ya kuanzia kushoto anaishika mpaka mwisho, lakini ile ya upana anaitumikia kwa kipande kimoja tu, kisha anaisahau. Yeye aliitoa mwanzoni kabisa, akadhani itatosha wimbo wote. Mwalimu wa Lubumbashi alikuwa amewafundisha, na yeye alikuwa ameandika, na amesahau.

"Kila mara unaweka tena!" akalia kwa sauti, akamukumbatia mama mukwe na harufu yote ya samaki, akakimbia kwenda biro, beseni kichwani.

"Bukari ilimushinda, sasa na akili," Mama Eneless akawaambia wenzake. Lakini alikuwa anatabasamu.

Fidélie akaandika ile amri ya upana upya, mbele ya kila mustari wa Kiswahili, hakuruka hata mumoja. Mashine ikalia. Safari hii akasimama kuangalia, karatasi ikipanda polepole. Kibemba kilishuka kuume kimenyooka kama ukuta. Akapiga ishara ya musalaba, kisha akacheza kidogo, peke yake, na magamba ya samaki mikononi. Jioni kwaya ikaimba toka mwanzo mpaka mwisho, na wote wakafika Amina siku moja. Baba Chewe akakunja karatasi yake. "Pasaka tunaimba hivi," akasema.

Mama Berthe alifika amelowa, amechoka, akimushukuru kila mutakatifu aliyemujua jina. Siku ya Pasaka walimuketisha benchi ya mbele, karibu na Mama Eneless, karatasi moja kati yao. Maji yalipomwagwa kwenye kichwa cha Bwembya, kwaya ikaanza. Mama Berthe akafuata kwa kidole, kwanza kwa sauti ndogo ya mutu anayeomba ruhusa. Akaona neno lake, akaona la jirani likiangaliana nalo. Akafungua mudomo. Sauti ile iliyouza samaki ng'ambo miaka yote ikapanda mpaka kwenye mabati, na Fidélie, mutoto mikononi, akashindwa kuimba kwa ajili ya kulia.

Nje, Mama Eneless akaweka karatasi katika Biblia yake. "Mukwe wangu," akamuambia Mama Berthe kwa Kiswahili kilekile cha samaki, "huyu mutoto wako amenyoosha wimbo. Tumuombe basi anyooshe na bukari."

"Eh, mukwe," Mama Berthe akajibu, "kwa hiyo bukari, miye niliomba mpaka nikachoka."