Apeli ya Rejioni Iliyovunjwa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilimpigia baba suruali pasi, na kila mara niliipiga kwa hasira. Suruali ya kaki, pasi ya makaa, mkunjo umenyooka mbele. Akishaivaa anakwenda kwa adjudan, aliyekuwa msimamizi wao jeshini, nyuma ya kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, kujipanga mstari na basoda, askari wenzake wa zamani. Rejioni yao, jeshi lililokuwa likilinda upande wetu wa Uvira na Fizi kule Kongo, ilivunjwa siku nyingi. Ilitangazwa redioni, ikaisha. Kwa adjudan haijaisha. Wazee wale wiki nzima wanauza nyanya na kushona viatu, lakini Jumamosi hiyo wanakuwa jeshi.

Desturi haibadiliki. Adjudan anapaza sauti, "Gardavu!" na wote wanakauka wima. Anasimulia historia ya rejioni, vita gani, mlima gani, nani alikuwa komanda, yote kwa kichwa, na kila mwaka anaongeza chumvi. Halafu inakuja apeli, yaani kuita majina. Aliye hai akiitwa anapiga mguu wa kushoto mbele na kujibu, "Niko!" Aliyekufa akiitwa, mstari mzima unamjibia: "Iko ku posta!" Maana yake bado analinda. Wajane wanakuja kusikia neno hilo tu, kisha wanarudi kupika nsima, ugali wa huku.

Baba alikuwa haitwi. Alisimama mwisho wa mstari, adjudan akifika kwake anamruka, kana kwamba pale pamechomekwa kijiti. Kosa lake? Siku ya kukimbia vita, wenzake wakilinda barabara ya ziwani, yeye aliweka bunduki chini, akaja nyumbani nilikokuwa nimebaki na maiti ya mama, akanibeba mgongoni mpaka kwenye maji. Basi wakamwita mtoro. Alitoroka kwa ajili yangu, halafu mimi ndiye wa kumpigia pasi aende akadharauliwe. Ilinichoma, acha tu.

"Baba, wacha kwenda," nilimwambia. "Bale batu banakuchezea."

"We ni raia," akanijibu. "Hauwezi kuelewa."

Mwaka huu alianza kukohoa damu. Daktari wa Lilongwe alisema mapafu yamekwisha, akatupa vidonge, tukarudi. Njiani, ndani ya minibasi, baba akaniambia kitu kimoja anachokitaka kabla hajafa: aitwe, hata mara moja. "Nikikufa sijaitwa, hakuna mwenye atanijibia." Nililia pale pale mbele ya abiria, na nililia kwa hasira. Mtu anakufa, bado anaomba adjudan amtambue!

Komanda wao wa mwisho, majoro, yaani meja, anaishi Area 47, mtaa wa wenye pesa Lilongwe, nyumba ya geti na mbwa. Mimi ni fundi cherehani, niliwahi kumshonea mkewe rido, mapazia ya sebuleni. Nikaenda kumwomba atume neno kwa adjudan, baba asamehewe. Aliniketisha barazani, hata maji hakunipa. Nilipomaliza kueleza, alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mutoro wa nini, binti? Ile siku rejioni ilikuwa imesha kuvunjwa. Mi na adjudan tulisikia ku redio asubuhi. Tukanyamaza."

"Mulinyamaza juu ya nini, mzee?"

"Eh! Na vitu vyangu? Kulikuwa frigo, matela ya kulalia, vyombo vya madamu. Basoda balilinda barabara mpaka mashua ikajaa. Adjudan njo mwenye alisimamia mizigo."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyohama nyumba. Nikamuuliza, na wale waliofia barabarani? Akatazama saa yake, akaita mbwa. Nikatoka bila kuaga. Mungu amlaani, yeye na hiyo frigo yake, jokofu la kupozea bia.

Jumamosi ilipofika baba hakuweza kutembea. Nikampakia kwenye kabaza, mwenye baiskeli akasukuma taratibu, mimi nimemshika baba mgongo. Mstarini alisimama kwa kuniegemea. Adjudan akaanza historia yake. Alipofika siku ya mwisho, akasema walilinda barabara kwa amri ya rejioni, hapo nikapasuka.

"Muongo! Rejioni haikukuwa tena! Mulisikia ku redio, we na majoro, mukanyamaza. Bale balikufia frigo!"

Nikayamwaga yote. Wajane wakainuka. Mzee mmoja aliyempoteza mdogo wake kwenye barabara ile akamuuliza adjudan kwa sauti ya chini, "Ni kweli?" Mikono ya adjudan ilibaki imebanwa mapajani. Hakukana.

Nilidhani baba atafurahi. Wapi! Alinigeukia na macho mekundu. "Nani alikutuma? Nyamaza." Akaliachia bega langu, akajikokota peke yake mpaka mbele ya mstari. Adjudan akampisha, akaenda mwenyewe kujipanga na wengine.

"Gardavu!" Sauti ya baba ilikwaruza kwa kikohozi, lakini wote walikauka. Akaanza apeli. Miaka yote aliyorukwa alikuwa akiyashika majina, hakukosea hata moja. Wazima wakapiga mguu: "Niko!" Akawaita waliokufa barabarani, mmoja mmoja, pamoja na mdogo wa yule mzee. Niliogopa mstari utanyamaza. Ukajibu kwa nguvu, na wajane wakajibu pia, huku wakilia: "Iko ku posta!"

Zamu ya adjudan ikafika. Alikuwa ameinua kidevu, mguu wa kushoto tayari. Baba alimtazama usoni, akamruka. Akaita wa pembeni yake, akaendelea mpaka mwisho, na mwisho kabisa akataja jina lake mwenyewe. Akapiga mguu mavumbini, akayumba. "Niko!"

Kisha akasema, "Rompe," neno la kuvunja mstari, na wazee wakatawanyika bila kupeana mikono. Adjudan alibaki amesimama pale pale, kidevu juu, anangoja kuitwa. Sikumwonea huruma hata kidogo.